Freni za nyuma zinazobana: ajali inayoanza wiki nyingi kabla ya mteremko

Kila mara gari inapoanguka kwenye mteremko, iwe kwenye milima ya Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola, iwe kule Kabasha karibu na Kanyabayonga, iwe ndani ya mji wa Butembo wenyewe, maelezo ni yale yale: «Gari ilikosa freni.» Dereva anasema hivyo kama angali mzima. Waliokuwa kando ya barabara wanarudia. Polisi wanaandika, redio inatangaza, na mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba freni ni kamba inayokatika ghafla bila mtu yeyote kujua.

Fundi yeyote aliyezeeka katika garaji atakuambia mambo mengine. Freni, au breki kama wanavyosema wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, mara nyingi hutoa taarifa kwa siku nyingi kabla ya kushindwa. Na taarifa hiyo mara nyingi inatoka nyuma ya gari: gurudumu moja linalopata moto kuliko mengine, harufu ya kitu kinachoungua, plaketi zinazokwisha upesi hata kama zilibadilishwa juzi juzi. Wenye magari wanalalamikia bei ya plaketi. Wachache wanauliza kwa nini zinakwisha.

Uchambuzi huu unataka kuonyesha kwamba freni ya nyuma inayobana si ubovu mdogo wa kuahirisha hadi mwisho wa mwezi. Ni mwanzo wa ile ajali ambayo baadaye tutaiita bahati mbaya. Na sababu ya kuiacha ikue haiko kwenye chuma peke yake. Iko pia katika namna tunavyogawana pesa za gari na namna viongozi wanavyokagua magari barabarani.

Dalili ambazo kila dereva anazijua

Gari ambayo freni yake ya nyuma inabana haiendi bure. Kwenye sehemu iliyo sawa, dereva akiachia esansi, gari inasimama upesi kama vile kuna mtu anayeivuta kwa nyuma. Inakula mafuta zaidi. Ukisimama baada ya kilomita chache na kusogeza mkono karibu na gurudumu, bila kuligusa, unasikia joto ambalo hulisikii upande mwingine. Wakati mwingine kuna mlio, wakati mwingine moshi mwepesi.

Mateso hayaishii kwenye plaketi au garnitiri. Joto linapinda diski. Linayeyusha grisi ya rulma, na rulma ikikauka gurudumu linaanza kucheza. Linachosha tairi kutoka ndani. Mwenye gari ananunua plaketi leo, rulma mwezi ujao, tairi mwezi wa tatu, akidhani ni matatizo matatu. Mara nyingi ni tatizo moja.

Kwa nini nyuma?

Freni ya nyuma ina kazi mbili. Inasimamisha gari pamoja na freni za mbele, na ndiyo mara nyingi inayobeba freni ya mkono. Kwa hiyo kuna mahali pengi pa kukwama. Kamba ya chuma ya freni ya mkono inapita chini ya gari, ndani ya mpira wake. Mpira ukipasuka, matope na maji vinaingia, kamba inashika kutu, na ukishusha mkono ndani ya gari, kule nyuma hakuna kinachoachia. Kwenye magari kama Prado au Harrier yaliyouzwa sana miaka ya 2000, freni ya mkono ina garnitiri zake ndogo zilizofichwa ndani ya diski ya nyuma. Vumbi likijaa humo, hakuna anayeliona mpaka diski itolewe.

Kwenye freni ya diski, chuma kinachobana, kile mafundi wanachokiita etriye, kinateleza juu ya vijiti viwili. Vijiti vikikauka au kushika kutu, etriye inabana lakini hairudi. Kwenye freni ya tamburi, ambayo bado iko nyuma ya Starlet, Corolla za zamani, Ist na Hiace nyingi, springi zinazorudisha garnitiri huchoka, au fundi anazikaza kupita kiasi ili pedali ionekane nzuri siku ya kurudisha gari.

Magari mapya kidogo yana jambo lao pia. Kwa mengi kati yao, kompyuta ndiyo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na inapeleka nyuma nguvu zaidi kuliko zamani ili gari isiiname mbele. Kompyuta hiyo hiyo hutumia freni kuzuia gurudumu linalozunguka bure kwenye matope. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuona plaketi za mbele zikiisha kwanza anashangaa za nyuma zikitangulia. Hapo si lazima kuwe na ubovu. Lakini ni lazima kuangalia nyuma mara nyingi zaidi kuliko tulivyozoea.

Malori makubwa yenye freni za upepo yana hatari ya namna yake. Kule nyuma kuna springi kali inayozuiliwa na upepo. Upepo ukivuja na kupungua, springi inaanza kushika yenyewe kidogo kidogo huku lori likiendelea kutembea. Dereva anadhani injini imechoka, anaongeza mazuti, na magurudumu yanazidi kupata moto.

Kutoka Japani hadi barabara zetu

Magari mengi ya Kivu na Ituri yamezaliwa Japani na kuingia kwa njia ya Mombasa au Dar es Salaam. Ndiyo maana mengi yana usukani upande wa kuume wakati sisi tunatembelea upande huo huo wa barabara. Kule Japani, gari mpya ya mtu binafsi inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni wa gharama, na ni moja ya sababu zinazofanya Wajapani wauze magari ambayo kwetu bado ni mazuri.

Fikiri basi safari ya gari hiyo. Imetoka mahali ambapo freni zilipimwa kwa mashine kila baada ya miaka miwili. Imekaa bandarini, imevuka bahari, hewa ya chumvi imegusa vyuma vyake. Inafika kwetu na kuanza maisha magumu kuliko yote iliyowahi kuyaona, ikiwa na umri mkubwa kuliko wakati wote, na kuanzia siku hiyo inaweza kutembea miaka mingi bila mtu kufungua magurudumu yake ya nyuma, isipokuwa pale inapopiga kelele.

Vipuri navyo vina mambo yake. Sokoni kuna plaketi za kila bei, na boksi yenye jina kubwa si hakikisho la kilicho ndani. Plaketi iliyo nene kuliko inavyotakiwa, au ambayo bamba lake halikai sawa kwenye etriye, itabana tangu siku ya kwanza. Mafuta ya freni ndiyo yanayodharauliwa zaidi. Mtu akikosa mafuta yenyewe, akaongeza ya injini au ya usukani, mipira ya ndani inavimba na freni hazirudi tena. Kosa la dakika moja linaharibu mfumo mzima.

Milima, mizigo na bidoni tatu za maji

Tuchukue barabara ya Bukavu hadi Uvira, RN5. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika mita 773 hivi. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira anashuka karibu mita 690 kwa jumla, bila kuhesabu vilima anavyopanda na kushuka njiani. Hiace iliyojaa watu na mizigo mpaka kufikia tani 3, ikishuka kimo hicho, inatoa nguvu ambayo ikigeuka yote kuwa joto ingechemsha karibu lita 60 za maji. Hizo ni bidoni tatu za lita 20.

Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo, na sehemu nyingine na injini kama dereva anashuka kwa vitesi ya pili. Lakini dereva akiondoa vitesi ili kuokoa esansi, desturi inayojulikana sana kwenye miteremko yetu, karibu mzigo wote unaangukia vyuma vichache vya freni. Kama mojawapo ilikuwa tayari ina moto kwa sababu ya kubana, inaanza mteremko huku imechoka.

Hapo yanaingia mafuta ya freni. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau digrii 205 kabla ya kuchemka, na DOT 4 digrii 230. Lakini mafuta haya yanavuta unyevunyevu wa hewa. Yakishavuta maji karibu 4 kwa mia, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi digrii 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Katika miji yetu ya mvua nyingi, mafuta yaliyokaa miaka mitano ndani ya gari si yale yaliyoandikwa kwenye chupa. Yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabanika kama hewa, na pedali inakwenda chini kabisa bila kusimamisha kitu.

Na hili ndilo jambo la kuangalia sana: gari ikishapoa, mvuke unarudi kuwa mafuta. Kesho yake mtu anakanyaga pedali anaikuta ngumu, nzuri. Ndipo wanaanza kusema dereva alilewa, dereva alilala, wengine wanataja uchawi. Ushahidi wa joto umekwisha kupotea usiku. Kilichobaki ni diski yenye rangi ya bluu na garnitiri zilizoungua, lakini ni nani anayefungua gurudumu baada ya ajali?

Barabara nzuri pia haileti usalama peke yake. Kazi ya kutia lami kati ya Kasindi, Beni na Butembo, iliyozinduliwa na Kongo pamoja na Uganda mwaka 2021, ni jambo ambalo wakaaji waliliomba kwa muda mrefu. Lakini gari inayotembea kilomita 80 kwa saa inahitaji freni zimeze nguvu mara nne kuliko ile ya kilomita 40. Freni iliyovumilia mashimo inaweza kushindwa kwenye lami.

Nani analipa, nani anaona?

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini. Taksi na magari mengi ya abiria katika miji yetu hayaendeshwi na wenyewe. Dereva anapeleka kwa mwenye gari pesa ya kila siku, ile «versement» inayojulikana na wote. Mara nyingi esansi inatoka mfukoni mwa dereva, na matengenezo makubwa mfukoni mwa mwenye gari.

Tazama sasa freni inayobana inavyopita katikati ya watu hawa wawili. Kwanza inakula esansi ya dereva, lakini kidogo kidogo, hata yeye hawezi kuonyesha ni kiasi gani. Akisema kwa mwenye gari, «Papa, gurudumu la nyuma linapata moto,» jibu analiogopa: kwamba anatafuta pesa, au kwamba yeye ndiye anaharibu gari. Gari ikilala garaji siku mbili, hana cha kupeleka wala cha kula nyumbani. Basi ananyamaza. Mwenye gari naye haoni kitu mpaka siku ya kuombwa plaketi, na siku hiyo ananunua za bei ya chini kabisa, kwa sababu anaamini zitakwisha tu kama zile za kwanza. Kila mmoja anafanya hesabu yake, na hesabu yake si ya kijinga. Lakini hakuna anayeona jumla.

Abiria ndiye asiyehesabiwa kabisa. Anapanda, analipa, anasikia harufu, na kuambiwa ni kawaida.

Hali ya sasa imezidisha mambo. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifungwa katika miji hiyo miwili na pesa ya mkononi ikawa ngumu. Mwenye gari anayehangaika kupata chakula cha watoto hawezi kuhubiriwa tu kwamba anunue vipuri vya bei kali. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo la kwanza ni kugundua mapema, kwa sababu kupaka grisi vijiti vya etriye na kulegeza kamba ya freni ya mkono ni kazi ya saa moja, wakati diski, rulma na tairi ni pesa za mwezi mzima.

Karatasi zinakaguliwa, magurudumu hayafunguliwi

Kongo haikosi sheria. Sheria ya barabara nambari 78/022 ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na gari isiyo na freni nzuri haina haki ya kutembea. Kinachokosekana ni macho yanayotazama chini ya gari. Dereva akisimamishwa, anaulizwa karatasi: kadi ya pinki, bima, vinyeti, kontrole tekniki. Akiwa nazo zote anapita, hata kama gurudumu lake la nyuma linaweza kukaanga yai. Akikosa moja, wanazungumza, na baada ya mazungumzo anapita vilevile. Karatasi ya kontrole tekniki imekuwa kitu cha kununua kama kingine chochote, na dereva mwenyewe hajui kwamba ingepaswa kumlinda yeye kwanza.

Mashine ya kupima freni ni nzuri, na miji kama yetu ingestahili kuwa nazo. Lakini kuna jambo lisilongoja mashine. Kwenye kituo cha magari kabla ya mteremko mrefu, mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kupita kwenye magurudumu manne kwa dakika mbili na kulinganisha joto. Kipimo cha joto cha mkononi, kile cha kuelekeza bila kugusa ambacho tulikizoea wakati wa Ebola na korona, kinatosha, mradi kiwe cha kazi ya garaji na si kile cha kupima watu. Gurudumu moja likiwa na joto kubwa kuliko mwenzake wa upande wa pili, gari haishuki mpaka iangaliwe. Vyama vya madereva, kama ACCO, vinaweza kuanzisha jambo hili bila kungoja amri kutoka popote, kwa sababu wanaokufa kwanza ni wanachama wao.

Ya kufanya katika garaji

Wakati tukingoja viongozi, kuna mambo ambayo mwenye gari anaweza kudai kwa fundi wake.

Kwanza, asikubali kubadilishiwa plaketi bila kuambiwa kwa nini za kwanza zimekwisha. Kama gurudumu moja tu linabana, tatizo mara nyingi liko hapo hapo: etriye, springi au kamba ya upande huo. Kama yote mawili ya nyuma yanabana, fundi atazame freni ya mkono iliyokazwa mno, au ule mpira unaopeleka mafuta nyuma, ambao kwenye magari mengi ya mzigo ni mmoja tu. Mpira huo ukizeeka unaweza kuharibika ndani bila kuonekana nje: unaruhusu mafuta kwenda, unayazuia kurudi. Kama yote manne yanabana, atazame pedali na pampu kuu.

Pili, kuna kipimo kisicho na gharama. Gari ikiwa imezuiwa vizuri kwa mawe na kuinuliwa, gurudumu likiwa gumu kuzunguka, fundi afungue kidogo msumari wa kutolea hewa wa gurudumu hilo. Likilegea mara moja, mafuta yalikuwa yamefungiwa, na mpira au pampu kuu ndivyo vya kushukiwa. Likibaki gumu, ni chuma kimekwama, au kamba ya freni ya mkono inavuta. Hapo alegeze kamba na ajaribu tena. Dakika kumi zinamwokoa mtu kununua vitu vitatu visivyohitajika.

Tatu, mafuta ya freni yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na chupa ifunguliwe mbele ya mwenye gari. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu imekwisha kunywa maji ya hewa.

Nne, anayeongeza bamba za springi nyuma ili kubeba zaidi ajue anagusa pia freni. Hiace na Hilux nyingi zina kifaa kinachopima jinsi nyuma ilivyolala na kugawa nguvu kufuatana na uzito. Ukiinua nyuma, kifaa kinaamini gari haina mzigo, kinapunguza freni za nyuma, na za mbele zinabeba yote. Kukifunga kwa waya ili kukinyamazisha ni kuhamisha hatari tu.

Tano, tuache kumwaga maji juu ya freni zenye moto. Chuma kilichopata moto kikimwagiwa maji kinaweza kupinda au kupasuka. Asimame, aweke jiwe chini ya gurudumu, angoje. Asivute freni ya mkono wakati huo, kwa sababu tamburi ikipoa inajibana juu ya garnitiri na kushindwa kuachia.

Swali la kubadilisha

Si kila ajali ni ya freni. Kuna mwendo wa kasi, kuna uchovu, kuna barabara zilizoachwa na serikali kwa miaka mingi. Lakini tukiendelea kukubali «gari ilikosa freni» kama jibu, tutaendelea kuzika watu bila kujifunza kitu. Hilo ni swali ambalo halijajibiwa bado.

Polisi anayeandika taarifa ya ajali afungue gurudumu la nyuma na kuandika alichoona. Mwenye gari amuulize dereva wake kila jioni, kabla ya kuhesabu pesa: ni gurudumu gani lilikuwa na moto leo? Naye dereva ajibu bila kuogopa kuitwa mwizi. Na abiria anayesikia harufu ya kuungua juu ya Ngomo ana haki ya kusema: simamisha, ipoe kwanza, tutafika tu.